Sura ya Tisa: Kaloleni au Muriet

Ujumbe wa dalali uliingia saa tatu asubuhi, Perpetua akiwa bado anatafuta soksi ya pili chini ya kitanda. Ilikuwa Jumamosi, katikati ya Julai, na ukungu wa Mbulu ulikuwa umeganda dirishani.

"Dada Perpetua, habari ya asubuhi. Godlisten hapa. Ile nyumba ya Muriet mwenye nyumba anataka jibu leo, mwisho saa tisa. Kuna mteja mwingine yuko tayari. Vyumba vya Kaloleni navyo vipo leo tu. Chagueni jamani, mnanizeesha."

Aliusoma mara tatu. Hapakuwa na jambo jipya ndani yake, ila ile saa tisa.

Kwa wiki tatu Perpetua na mchumba wake, Emilian, walikuwa wakivutana juu ya sehemu hizo mbili za jiji la Arusha. Kaloleni ni katikati ya mji: vyumba viwili, choo cha ndani, jiko la kuchangia na mpangaji mwingine. Kutoka hapo hadi kituo cha afya alichopangiwa Perpetua katika uhamisho wake ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Alikwenda mwenyewe mwezi uliopita, akatembea, akaangalia saa. Muriet ni pembeni ya jiji: nyumba nzima ya vyumba vitatu, ua wenye ukuta, bomba lake, na kipande cha ardhi kinachotosha matuta manne ya mchicha. Kodi ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa magari mawili kila asubuhi, dakika hamsini barabara ikiwa haina foleni, na robo saa ya njia isiyo na taa kwa muuguzi anayeingia zamu saa mbili usiku.

Kwa hesabu hizo angechagua Kaloleni bila kufikiri mara mbili. Lakini Jumatano iliyopita alikuwa amekubali Muriet. Emilian alimwambia kwamba mama yake analia, anaogopa kuachwa peke yake kijijini Nambis, na ameomba apewe chumba katika nyumba yao. Perpetua alifiwa na mama yake akiwa kidato cha pili. Hakuwa na jibu la kumpa mama anayelia. Alisema sawa, na tangu aseme sawa hakuwa amelala usiku mzima.

Nje pikipiki ilipiga honi mara mbili fupi. Moyo wake ulifanya kama ulivyofanya kila mara aliposikia honi ile, na hilo lilimuudhi kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, alikuwa ameshika watoto mia nne na zaidi wakizaliwa, na bado honi ya pikipiki ilimfanya asahau soksi.

Emilian Akonaay alikuwa mrefu, mwembamba, mpima ardhi mwenye vidole virefu ambavyo havikutulia. Alivaa sweta la kijivu lililofumwa na dada yake. Alimtazama Perpetua kutoka miguuni hadi usoni, taratibu, kama mtu anayehakiki jambo analolijua tayari.

"Soksi zako hazifanani," alisema.

"Najua. Godlisten kaandika. Saa tisa."

"Nimeona. Kaniandikia na mimi." Aligeuza uso. "Twende kwanza tukale kwa mama. Tutamjibu kutoka kule."

"Si tumeshakubaliana? Mjibu sasa hivi tupumzike."

"Tutamjibu, Perpe. Panda."

Alipanda. Alimshika kiunoni kwa mikono miwili, akaegemeza shavu mgongoni mwake ili kukwepa baridi, na njia nzima alijiuliza kwa nini mtu aliyeshinda ubishi hana haraka ya kuchukua alichoshinda.

*

Nyumba ya kina Akonaay ilikuwa juu ya mteremko, ukuta wa tofali za kuchoma, bati jipya upande mmoja. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kumwagwa uani juu ya turubai. Mzee Akonaay alifariki mwaka jana, na tangu hapo mama Genoveva alikaa peke yake. Mtoto wake wa kwanza, Maximilian, alikuwa na shamba lake Masakta, huko Hanang. Agatha, dada yake Emilian, aliolewa ng'ambo ya bonde, na leo alikuja kupika. Emilian alikuwa kitinda mimba. Kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama. Wakubwa hukatiwa ardhi wakaenda, mdogo hubaki na moto wa jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Baridi haijakumaliza?"

"Imenibakiza kidogo, mama."

"Karibu kwenye moto."

Hapo ndipo maneno yao yalipokuwa yakiishia siku zote. Katika ukoo ule mchumba na mama mkwe hawakuzungumza mambo ya nyumba mpaka ndoa ifungwe. Walisalimiana, walisifu chakula, waliulizana mvua. Neno zito lilipitia kwa kijana: mama anamwambia mwanawe, mwanawe anamwambia mchumba, na jibu linarudi kwa njia ile ile. Perpetua alikuwa Mhaya wa Muleba, aliyeletwa Mbulu na ajira miaka mitano iliyopita. Desturi hiyo aliiona ya kistaarabu. Aliwahi kumwambia mwenzake kazini kwamba inazuia ugomvi mwingi.

Agatha alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wifi! Nesi wetu! Mbona umekonda? Huyu kaka yangu anakulisha ramani?"

"Ananilisha picha za nyumba, wifi. Kila siku picha ishirini."

"Olewa naye upesi kabla hajawa dalali."

Kabla hawajakaa, jirani yao Basili alichungulia kwenye uzio. Alikuwa na mgogoro wa mpaka na shemeji yake, na kila Emilian alipokuja nyumbani aliitwa kwenda kuutazama. Mpima hana Jumamosi. Emilian alichukua futi yake ya kamba, akamwangalia Perpetua kama anayeomba ruhusa, akaenda. Agatha alirudi jikoni kwenye makande yake.

Kwa hiyo Perpetua na mama Genoveva walibaki wawili uani, kila mmoja kwenye kigoda chake, wakipukuchua mahindi. Punje zilianguka kwenye beseni. Mama alipukuchua haraka, kwa kusugua gunzi kavu juu ya hindi. Perpetua alitumia kidole gumba na alikuwa nyuma kwa mahindi sita.

Ng'ombe mwekundu alilia nyuma ya nyumba. Mama aliinua kichwa, akakishusha.

"Ananijua," alisema. "Wanakuja kumchukua Jumatatu."

"Anaumwa, mama?"

"Haumwi. Nimempa mke wa Basili amtunze. Arusha utamfugia wapi ng'ombe?"

Perpetua alisema, "Pole mama." Yule alikuwa ng'ombe wa mwisho aliyenunuliwa na mzee. Emilian hakutaja ng'ombe.

Mama aliendelea kusugua hindi lililokwisha punje. Kisha alitazama jikoni, akatazama njia aliyopita mwanawe, akasogeza kigoda chake karibu.

"Mwanangu, najua mimi na wewe hatutakiwi kusema haya. Lakini moyo wangu hautulii. Nikuulize kimoja tu."

"Niulize, mama."

"Hicho chumba ulichonichagulia, dirisha lake linatazama wapi?"

Perpetua alisimamisha kidole. "Chumba nilichokuchagulia mimi?"

"Cha huko Muriet. Emilian amenieleza yote. Kwamba umekataa kabisa niachwe huku. Kwamba umesema bila mama huendi popote." Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayeshukuru kitu ambacho hakukitaka. "Nikasema, binti wa watu, katoka mbali, hana mama, ananipenda hivi. Nitamkataaje? Nikakubali. Lakini nitakuwa mwongo nikisema nalala."

Punje zilikuwa zimeacha kuanguka. Perpetua alipangusa mikono kwenye khanga, taratibu, kama anavyofanya kabla ya kumweleza mgonjwa jambo.

"Mama. Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyeomba."

"Niliomba nini?"

"Kuja. Niliambiwa unalia. Kwamba unaogopa kubaki peke yako, na umeomba chumba. Mimi nilitaka Kaloleni, ni karibu na kazini kwangu. Nikaiacha kwa ajili yako."

Mama Genoveva alimtazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa ya Emilian, yenye kope nzito, ila hayakukwepa.

"Mimi nilie," alisema. "Niogope nyumba yangu mwenyewe."

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Agatha!" mama aliita, bila kuacha kumtazama Perpetua. "Njoo hapa."

Agatha alikuja, akawaona walivyosogeleana, akaelewa nusu. "Mmeongea," alisema. "Mungu wangu. Mmeongea kabla ya harusi."

"Umewahi kuniona nalia?"

"Mama? Mara moja. Alipokufa yule nguruwe aliyezaa madume kumi na moja."

"Msiba wa baba yenu?"

"Kwenye msiba wa baba wewe ulikuwa unapanga viti." Agatha alimgeukia Perpetua. "Kwani nani kasema mama analia?"

Perpetua alijikuta anataka kucheka na anataka kuondoka, vyote kwa wakati mmoja. Alitazama simu. Saa saba na dakika ishirini.

*

Emilian alirudi na tope hadi kwenye vifundo, futi ikiwa imeviringishwa vizuri mkononi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ya dakika chache kwa usahihi. Furaha ile iliishia getini.

Mama yake alimwonyesha debe lililopinduliwa. "Kaa."

Alikaa. Alimtafuta Perpetua kwa macho, na Perpetua hakumficha uso. Alimpenda hata wakati huo, jinsi magoti yake yalivyopanda juu kwenye debe lile, na alilijua hilo kama anavyojua mapigo ya mshipa: ni jambo la kuandika kwenye karatasi, halibadilishi matibabu.

"Nani alilia, Emilian?" mama aliuliza.

Emilian aliangalia tope miguuni mwake.

"Nimekuuliza. Mimi nililia? Au huyu ndiye aliyekataa kwenda bila mimi?"

"Hakuna aliyelia," alisema hatimaye.

"Basi kwa nini ng'ombe wangu anaondoka Jumatatu?"

"Nilijua kila mmoja atakubali kwa ajili ya mwenzake." Aliyasema kwa sauti ya chini, kama anayesoma taarifa. "Mama asingekubali kwa ajili yangu. Ningemwambia mimi ndiye ninayetaka, angenicheka. Na Perpe asingeiacha Kaloleni kwa ajili ya ua na mchicha. Lakini kwa ajili ya mama, angeiacha. Na aliiacha."

"Ulinipima," Perpetua alisema.

"Perpe..."

"Ulinipima mahali ninapoumia, ukapigilia kigingi hapo. Nilikuambia mimi mwenyewe kuhusu mama yangu. Nilikuambia wewe tu."

Emilian alifumba macho, akayafumbua. Hakujitetea. Angejitetea ingekuwa rahisi zaidi kumkasirikia.

"Mimi si bikoni yako ya mpaka," mama Genoveva alisema. "Huning'oi hapa ukanipanda Muriet. Nina mahindi. Nina sala za jumuiya Alhamisi. Nikishikwa na homa, Agatha nikimwita ng'ambo anaitika. Huko Muriet nitamwita nani, ukuta?"

"Na mimi je, nani alikuambia mama abebwe bila mimi kujua?" Agatha alidakia. "Au ulinisingizia na mimi kulia?"

"Wewe sijakusingizia."

"Umenisahau. Ni mbaya zaidi."

Hata Perpetua alicheka, kwa nusu pumzi. Mama naye akatikisa kichwa, na uzito wa uani ukapungua. Mama alichukua hindi jingine.

"Basi imekwisha," alisema. "Mimi sitoki. Ng'ombe haendi. Ninyi chukueni vile vya mjini, karibu na kazi ya binti, mkaanze maisha yenu. Mkinikumbuka, gari zipo. Agatha, chakula."

Ilikuwa imekwisha. Kwa hesabu yoyote ilikuwa imekwisha. Muriet ilikuwa kwa ajili ya mama, mama haendi, basi Muriet haina sababu. Agatha alimwambia kaka yake apige simu sasa hivi kabla dalali hajawazeekea. Makande yaliletwa, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Perpetua alisubiri Emilian atoe simu mfukoni.

Hakuitoa. Alikula vijiko viwili. Aliangalia bati la upande mpya, akaangalia shamba la chini lililobaki mabua, akaangalia moshi wa jikoni unavyolalia paa. Mtu aliyesamehewa na mama yake, ambaye mchumba wake hajavua pete, alipaswa kuwa na nafuu usoni. Perpetua amewaona wengi wakipata nafuu. Anaijua inavyoanza, kwenye mabega. Mabega ya Emilian yalikuwa juu vile vile.

Perpetua aliweka bakuli chini. "Mama, asante kwa chakula. Naomba nizungumze na Emilian huko njiani."

"Nendeni," mama alisema. Alimtazama mwanawe, si Perpetua, aliposema hivyo.

*

Walisimama kwenye njia ya juu, palipo na mti wa mwerezi uliokatwa matawi. Bonde lote lilionekana. Ukungu ulikuwa umeinuka na jua halikuwa na joto.

"Saa nane na ishirini," Perpetua alisema. "Mpigie Godlisten. Kaloleni."

"Vyumba viwili, Perpe. Ukuta kwa ukuta na watu."

"Umepima mwenyewe. Cha kulala ni mita tatu na nusu kwa nne."

"Hakuna mahali pa kuweka hata kiti nje."

"Kuna ngazi."

"Nikae kwenye ngazi?"

"Mama haendi. Sasa Muriet ni ya nini?"

"Hewa. Ua. Tukipata mtoto atacheza wapi?"

"Mtoto hajapatikana, Emilian. Zamu ya usiku ipo tayari, inaanza Jumatano. Hebu nieleze, mimi nikitembea kwenda kituoni gizani, wewe uko wapi?"

"Nakusindikiza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Ukiwa porini unapima? Kazi yako mpya ya Arusha ni wiki mbili mbili porini. Ndivyo mkataba unavyosema."

Vidole vya Emilian vilikuwa vikikunja na kukunjua ncha ya futi. Perpetua alivitazama. Alijua vidole hivyo vilivyo na joto hata asubuhi ya Julai. Alijua kwamba akipiga hatua moja, paji lake litafika kwenye kola ya sweta lile na hatahitaji kusema kitu kingine leo. Hakupiga.

"Ule mkataba," alisema. "Umeusaini lini?"

"Perpe."

"Nauliza tarehe."

"Uko kwenye begi."

"Haujasainiwa."

"Haujasainiwa."

Ilikuwa wiki ya pili tangu aupokee. Kampuni ilimtaka aripoti tarehe moja Agosti. Perpetua aliyapanga yote upya kichwani. Nyumba nzima. Ua. Bomba. Matuta manne. Chumba cha mama, na mama ndani yake. Emilian hakuwa akitafuta nyumba ya kupanga. Alikuwa akiitafuta hii, yenye bati jipya upande mmoja, mahali ambapo haipo.

Pikipiki ilisikika ikipanda mteremko. Ilikuwa ya Hhando, jirani wa bonde la chini, anayebeba abiria kati ya Nambis na mjini. Perpetua alinyoosha mkono. Hhando alisimama, akawasalimia wote wawili, akaacha injini inaunguruma.

"Nitakupeleka mimi," Emilian alisema haraka.

"Hapana. Nina swali moja, nijibu, halafu niende kufunga mizigo. Usimtaje mama. Usinitaje mimi. Wewe, Emilian Akonaay, unataka kuishi wapi?"

"Na wewe."

"Hilo si mahali."

Upepo ulipita kwenye mabua. Hhando aliwaangalia, akaangalia mbele, akakohoa.

"Dada, tunaenda, au kikao bado?"

"Dakika moja, kaka."

Emilian aliinua macho. Safari hii hayakukwepa, yalikuwa macho ya mama yake kabisa.

"Hapa," alisema. "Nataka kuishi hapa. Ulipopata kibali cha uhamisho nilifurahi kwa ajili yako, kweli nilifurahi, nikatafuta kazi Arusha siku ile ile. Nikasema nitazoea. Nikasema nikipata nyumba inayofanana na hii, nikamweka mama ndani, sitaona tofauti. Nimekwenda Muriet mara tatu. Kila nikisimama kwenye ule ua naona tofauti." Alionyesha kwa kidole kule mji ulipo. "Baki, Perpe. Mbulu mjini tupange popote, Uhuru, Imboru, popote. Hata ubaki kwenye kituo kile kile unachofanyia kazi."

Angelijua hilo mwezi Machi, lingekuwa jambo la kuzungumzwa. Miaka miwili alikuwa akitafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Kwa watumishi wa serikali ndivyo inavyokuwa: huwezi kuondoka mpaka apatikane mwenzako anayetaka kuja, wa kada yako, wa daraja lako. Alipatikana Erica, muuguzi wa Arusha ambaye mume wake anafundisha Mbulu. Mwezi huo wa Machi wakaandika barua mbili siku moja. Vibali vilitoka siku moja. Wiki iliyopita Erica alifika na watoto wawili na magodoro, akamkumbatia Perpetua mbele ya wodi kama ndugu.

"Erica anakaa kwenye kiti changu Jumatatu," alisema. "Watoto wake wameshaandikishwa shule. Nikibaki, namrudisha wapi?"

"Tutaomba tena. Kuna njia."

"Hakuna njia. Unajua hakuna. Na ingekuwepo..." Alisimama, kwa sababu alitaka kusema kilicho kweli na si kinachouma. "Ingekuwepo, mimi nataka kwenda. Nataka ile wodi. Nataka kile chuo cha jioni, niongeze masomo. Nilikuambia tangu siku ya kwanza, na wewe uliniambia utakuja."

"Nilikuambia."

"Ungeniambia hapana. Mwezi wa tatu ungeniambia tu hapana."

"Ungeniacha."

"Labda. Sijui. Hatutajua sasa."

Perpetua alimshika mkono. Vidole vilikuwa na joto kama alivyojua. Walisimama hivyo, na Perpetua hakuhesabu muda. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha aliuondoa mkono wake, akapanda nyuma ya Hhando.

"Ndoa ni Septemba," Emilian alisema. Sauti yake ilivunjika kwenye neno la mwisho.

"Najua ni lini."

"Nitakuja Jumamosi ijayo. Nitakuja uone."

"Usije kama hujui unakuja kukaa au kutembea. Ukijua, njoo. Kaka, twende."

Pikipiki iliondoka. Hakugeuka nyuma mpaka kona ya pili, na kona ya pili ilikuwa na migunga, hakuonekana mtu.

Simu iliita mfukoni. Saa nane na dakika hamsini na sita. Aliipokea kwa mkono mmoja, akainama nyuma ya mgongo wa Hhando ili upepo usimeze maneno.

"Dada Perpetua! Nimengoja mpaka basi. Muriet au Kaloleni?"

"Kaloleni."

"Aa, safi! Nilimwambia shemeji, mjini ndiyo mpango. Basi naandika vyumba viwili, jina la shemeji au la kwako?"

"La kwangu. Vinaweza kupangishwa kimoja kimoja?"

Nyuma ya dalali zilisikika honi za Arusha, na mtu anayeuza kitu kwa kipaza sauti.

"Vinaweza. Kila kimoja kina mlango wake. Lakini kuna dada mwingine anakitaka hicho cha pili toka asubuhi. Nimzuie kidogo, au nimpe?"

Perpetua aliangalia barabara mbele. Chini kabisa mji ulionekana, mabati yake, minara ya simu, uwanja wa mabasi atakakosimama kesho saa kumi na mbili na masanduku mawili. Alitaka kusema mzuie. Neno lilikuwa tayari mdomoni, zima, na lilikuwa zuri.

"Dada? Upo?"

"Mpe," alisema.

Alirudisha simu mfukoni, akamshika Hhando mabega kwa mikono miwili, kwa sababu barabara ilikuwa imeanza kushuka.